Neno Nililolisema Kabambare

Mwavita mwanangu,

Habari za chandarua, za sabuni, za kutokula vya barabarani na za kumpigia mjomba wako simu ukifika Kindu, mama yako amekwisha kukupa, na kesho asubuhi atakupa zote upya ukiwa umeshapanda pikipiki. Sitaki kumwingilia katika kazi yake. Nimejifungia hapa kwenye kituo cha afya, chumba cha dawa, tangu mgonjwa wa mwisho alipoondoka. Jua bado liko juu na muuguzi mwenzangu anadhani napanga makopo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso kwa miaka mitatu, na kila nikijaribu nageuza maneno, nakuuliza kama umekula.

Jana ulimwambia mama yako kwamba baba mkubwa Ramazani akifika kutoka Kabambare kukuaga, utakaa chumbani na hutatoka. Ulisema, "Mutu aliyefungia mama yake siku tatu, miye simusalimie." Nilikuwa nyuma ya ukuta nanyoa ndevu, nikasikia kila neno. Kisha nilijikata kidevu, ndiyo maana uliniona na plasta. Mwanangu, kosa unalomchukia baba mkubwa wako si lake. Ni langu. Unaondoka kwenda Kisangani kusomea udaktari ukiwa na hasira kwa mtu asiyestahili, na imani kwa mtu asiyestahili pia, na huyo wa pili ni mimi.

Rudi nami Kabambare, ile likizo ulipokuwa na miaka kumi na sita. Nyanya yako alikuwa bado anaishi kwake, na baba mkubwa jirani yake na duka lake la chumvi na betri. Ni yeye aliyenipigia simu. Mama ametia chumvi ndani ya chai, alisema, mama amepotea kwenye njia ya shamba la karanga analolima tangu sisi hatujazaliwa. "Kuja umuone, mudogo. Weye njo muganga." Kwake kila muuguzi ni muganga. Tukaenda mimi na wewe, kama unakumbuka, tukashuka kwenye pikipiki kila palipo na tope na tukafika tukiwa na rangi moja na barabara.

Usichokijua ni nilichokuwa nacho mfukoni. Mwezi mmoja kabla, waganga wa vituo vya afya tulifundishwa habari za wazee, na kila mmoja alipewa karatasi yenye maswali thelathini kwa Kifaransa, fotokopi ya fotokopi, herufi nyingine zimeshafutika. Unamuuliza mzee, unaweka alama, unajumlisha, na chini kabisa karatasi inakuambia ana nini. Nilipenda sana karatasi ile. Miaka ishirini nimepima homa na matumbo ya wajawazito, leo mimi ndiye wa kupima akili za watu! Kichwa kilinivimba, mwanangu, na sikuona aibu.

Nilimkalisha mama yangu kwenye kiti, nikakaa mbele yake kama hakimu. Nikamuuliza tuko mwezi gani. Akasema Rajabu. Nikaweka sifuri, kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri mwezi wa kizungu. Nikamuuliza tuko majira gani, na karatasi ilitaka moja kati ya manne, ya nchi yenye majira manne. Akasema ni wakati wa kung'oa karanga. Njia nzima tulikuwa tumepita watu wanang'oa karanga, wewe mwenyewe ulipewa za kujaza kiganja ukala. Sifuri. Nikamuuliza, na hapa unicheke, tuko orofa ya ngapi. Nyumba ya matofali mabichi, sakafu ya udongo! Alitazama mabati, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, njia ilikuchokesha?" Nikaweka sifuri nyingine.

Kisha nikamwambia ataje herufi za neno la Kifaransa kuanzia nyuma kwenda mbele. Herufi zenyewe za kizungu hazijui. Mwisho karatasi ilisema mgonjwa aandike sentensi yoyote anayoitaka. Alichukua kalamu, akaweka karatasi vizuri juu ya paja, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na baba yake. Mimi nilitolewa chuo cha Kurani mapema nikapelekwa shule ya mapadri, kwa sababu babu yako alitaka mtoto mmoja wa kusoma barua za serikali. Ramazani alibaki chuoni, mimi nikapata Kifaransa. Sala nazijua kwa kichwa tu. Niliutazama ule mstari kama nyayo za kuku, nikaweka sifuri ya mwisho.

Alipata kumi na moja kati ya thelathini. Karatasi ilikuwa na jibu lake tayari: *démence*, neno la Kifaransa la akili zinazopotea uzeeni.

Alasiri ile ukoo ulikusanyika uani. Baba mkubwa, mashangazi zako wawili, jirani wa kulia na wa kushoto. Wakaniuliza mama ana nini. Ningeweza kusema, mama anasahau, sijajua kwa nini, nipeni muda. Hayo ni maneno ya kila siku, hata mtoto angeyaelewa. Lakini mtu asiyejua akitaka kuonekana anajua, Kifaransa kinamfaa sana, nikasafisha koo nikasema, "Mama iko na demansi." Baba mkubwa akauliza, "Iko na nini?" Nikarudia kwa sauti kubwa, kama mwalimu aliyechoshwa na darasa. "Demansi." Shangazi yako Asha akafunika mdomo. Baba mkubwa akainamisha kichwa, akasema Inna lillahi. Nilijiambia, wamelipokea vizuri.

Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia pale. Walilokuwa wanalijua ni demoni, yaani pepo mchafu, au demo kama linavyotamkwa, kwa sababu jirani zetu Wakristo wanalitaja kila wiki kwenye maombi yao, na kipaza sauti chao hakibagui dini. Ndilo walilolisikia. Muganga, mtoto wa nyumba, aliyetoka Kasongo na karatasi, amesema mbele ya watu wote kwamba mama yake ana demo.

Kesho yake uliyaona mwenyewe. Chumba kidogo, dirisha limezibwa na kitambaa, moshi wa ubani, wasomaji wa Kurani wanapokezana, kufuli mlangoni ili kitu hicho kisije kikakimbia naye porini. Hakuna chakula, maji ya kombe tu, ya kuoshea aya zilizoandikwa, kwa kijiko. Wewe ulipiga mlango kwa mikono miwili na baba mkubwa akakubeba juujuu akakutoa. Ndipo chuki yako ilipozaliwa, na sikulaumu.

Sasa sikiliza ambayo hukuyasikia. Nilimfuata baba mkubwa nyuma ya duka nikamwita kwa heshima ya kaka mkubwa, "Yaya, hii ni nini?" Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. Akanijibu, "Weye mwenyewe ulisema iko na demo. Miye nafanya ya kwangu, weye utafanya ya kwako." Nikaelewa palepale, nimesimama kati ya magunia ya chumvi. Kusikia vibaya si dhambi ya mtu. Dhambi ni kwamba nilielewa, nikarudi uani bila kumsahihisha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningemwambia si demo, angeniuliza basi ni nini, na dawa yake iko wapi. Sikuwa na dawa. Sikuwa hata na uhakika wa zile sifuri, maana la orofa lilikuwa limeanza kunikera tangu jana yake. Na kuna jingine baya zaidi: kaka yangu alikuwa na kitu cha kufanya, mimi sikuwa nacho, na nilipumua kuona mzigo umehamia kwake. Nilijiambia kusoma Kurani hakumdhuru mtu. Ni kweli, hakumdhuru. Kilichomdhuru ni kufuli, njaa na kiu, na madhara yake mimi ndiye niliyeyasomea. Uliponishika shati ukilia nikakuambia acha, hayo ni mambo ya wakubwa. Alipotoka siku ya tatu hakuweza kushika kikombe. Mpaka leo akiona mlango umefungwa anapiga kelele, na wewe umezoea kulala mlango wazi kwa ajili yake.

Tukamleta kwetu Kasongo, na hapo zikaanza zile Jumapili zetu. Wewe unatafuta kwenye simu mahali penye mtandao, unachapisha kwenye ile sekretarieti ya fotokopi karibu na soko, unanisomea barazani huku ukipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Uliniona mwana mwema anayemtafutia mama yake dawa. Mwavita, mimi nilikuwa natafuta karatasi moja tu ya kuniambia sina kosa. Na karatasi zile, ee Mungu, karatasi zile! Wataalamu wanakusanya tafiti lundo zima, wanazichambua moja moja, wanapima ipi imefanywa vizuri na ipi ovyo, unafika ukurasa wa mwisho roho juu, unakuta: ushahidi ni hafifu, utafiti zaidi unahitajika. Ile siku niliyotupa moja ukutani ulicheka mpaka ukashika tumbo. Mimi sikuwa nacheka.

Polepole karatasi zile zikaanza kunisema. Maswali yale ya karatasi yanampunja mzee ambaye hakusoma shule, au aliyesoma shule nyingine. Alama ndogo inakuambia angalia vizuri, haikupi jina la ugonjwa. Kabla hujatamka jina, tazama masikio yake, macho, damu, tezi ya shingo, huzuni aliyonayo, na dawa anazomeza.

Dawa anazomeza. Umeyapigia mstari maneno hayo wewe mwenyewe. Miezi minane kabla ya safari yetu ya Kabambare, mama alinilalamikia kwamba anajikuna usiku, halali. Nikamtumia kopo la vidonge vya njano kutoka kabati hili hili lililo mbele yangu, kimoja kila jioni. Ni vidonge vya kuwashwa, tunawapa hata watoto. Chini ya mstari wako mwekundu waliandika kwamba kwa mzee vidonge vya namna hiyo vinaweza kumvuruga akili. Nilimvuruga mwenyewe, kisha nikaenda na karatasi kumpima amevurugika kiasi gani. Nilikunja ukurasa. Ukaniuliza, "Baba, hapo wamesema nini?" Nikakuambia ni mambo ya figo.

Siku ileile niliacha kumpa, kimyakimya. Baada ya wiki chache akaanza kumtukana mbuzi wetu kwa jina, akauliza karanga zimevunwa au zimeachwa zioze, akakataa chai ya mama yako akisema haina sukari ya kutosha. Wewe ukaruka ukapiga makofi: "Baba, dawa ya kumbukumbu inafanya kazi!" Ulikuwa unaisema ile chupa niliyonunua sokoni, yenye picha ya ubongo unaong'aa. Ile chupa haijawahi kumsaidia mtu isipokuwa aliyeiuza. Nilijua kilichomrudisha, na nikaiacha sifa iende kwenye chupa. Imani uliyo nayo, kwamba mahali fulani kuna dawa na wewe utasoma, utaipata, utarudi nayo, iliota siku ile, juu ya uongo wangu.

Baada ya mwaka alianza kuteremka tena, na safari hii hakuna kidonge cha kuacha. Inaonekana ugonjwa wenyewe upo kweli. Karatasi yangu iliyokosea kila swali iliangukia jibu kwa bahati. Hilo ndilo linalonipandisha hasira hata sasa. Kidonge kilimchukulia kiasi gani, zile siku tatu kiasi gani, na ugonjwa kiasi gani? Hakuna kipimo cha kunijibu, si hapa, si Kisangani, si Ulaya. Dawa zilizopo zinawasaidia baadhi, kidogo, kwa muda, na hazirudishi kilichokwenda. Zile mpya ulizonionyesha kwenye simu ni za walio mwanzoni kabisa, zinataka mashine ya kuona ndani ya kichwa na daktari wa kuchungulia damu isije ikavuja ubongoni. Sisi hapa hata kipimo cha tezi tunakituma mbali, na majibu yanarudi mgonjwa ameshasahau alitolewa damu. Na ni nani waliojaribiwa? Nilitafuta kwenye kurasa zote mzee mmoja anayehesabu miezi kwa Rajabu. Sikumwona.

Siku hiyo ya kumtafuta ndipo nilipoitoa ile karatasi ya maswali, nikampelekea mwalimu wa chuo hapa mtaani anisomee mstari wa mama. Akasoma bila kusita: "Mwanangu hajala tangu afike, nani atamwekea chakula." Akaniuliza ni nani mwenye mwandiko mzuri hivyo. Nikamjibu ni mgonjwa wangu mmoja. Nilirudi nyumbani nikala chakula alichoniwekea mama yako, nikashindwa kukimaliza.

Nilikuwa nimefika hapa, nikitaka kukuambia usiende kutafuta chupa, nenda kajifunze kuuliza, nilipopigiwa hodi. Ni baba mkubwa Ramazani. Ana tope mpaka mapajani na mfuko wa karanga zako begani. Amepita kituoni kwanza, kwa sababu anaogopa kufika nyumbani peke yake. Hakuketi. Akauliza, "Mutoto angali na hasira?"

Barua ilikuwa mezani. Nikaona kama nitakuandikia wewe na kumficha yeye, nitakuwa nimenyamaza mara ya pili.

"Yaya," nikamwambia, "siku ile Kabambare sikusema demo. Nilisema demansi."

"Sasa demansi njo nini?"

Nikafungua mdomo, na unajua, bado sikuwa na neno moja. "Ugonjwa wa kusahau," nikasema. "Ya kichwa. Kama vile magoti yanavyochakaa. Hakuna kitu kilimuingia."

"Na ulijua sisi tulisikia vibaya?"

"Nilijua kesho yake. Ulipoongea nami nyuma ya duka."

Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akavua kofia, akaigeuza geuza mikononi. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, Mwavita, ningeshukuru. Akasema polepole, bila kunitazama, "Mudogo, siku tatu zile miye nilikuwa nafukuza nani?"

Alilia, kaka yangu, mzee wa ndevu nyeupe, kwenye benchi la kusubiria sindano, na mimi nikasimama pale na kalamu mkononi. Alipotulia alijifuta kwa kofia, akaona karatasi mezani, akaelewa namwandikia nani. Akaniambia, "Usimuambie mutoto. Acha anichukie miye tu. Weye njo baba yake, atakuhitaji kule anaenda."

Nimemwambia amechelewa, nimekwisha andika. Hajafurahi. Yuko nje sasa hivi anaosha miguu, nami namalizia mistari hii haraka ili tusije tukabadili mawazo, yeye au mimi.

Tunakuja pamoja. Mimi nitatangulia kuipitisha barua hii chini ya mlango wako, naye atangoja uani mpaka umalize kusoma. Kisha atabisha hodi. Toka, mwanangu, umsalimie, usiangalie kama nipo nyuma yake. Mimi nitakuwa nimekaa na mama yangu. Ukitaka kuja kwangu leo, njoo. Usipotaka, panda pikipiki kesho, nenda kasome, nami nitakuelewa.

Baba yako.